Nilichongewa sanamu ya Gandele kule Tabaka, Kisii: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka 11, na mwaka mzima huu amekuwa akimchora Gandele nyuma ya daftari lake la hesabu. Ni mnyama aliyembuni mwenyewe: shingo ya korongo, miguu minne myembamba, mkia wa samaki, na mwili mzima ni ganda kama la yai. Ndani hamna nyama wala mfupa, ni hewa tu. Magandele hutembea ufuoni jioni, hawakimbii kamwe, na mvua ya mawe ikianza hukimbilia, samahani, hujikokota hadi kwenye mianya ya Kit-Mikayi, yale majabali makubwa karibu na Kisumu. Nilitaka awe na mmoja wa kushika mkononi.

Tulitoka Kisumu kwa matatu, tukapita Ahero, Sondu na Oyugis hadi Kisii, kisha Tabaka kwa fundi wa kuchonga mawe tuliyeelekezwa na jirani. Alisoma kurasa zote za daftari kabla ya kutaja bei. Hilo pekee lilinigusa sana.

Kisha akasema miguu haitawezekana. Alikwaruza kipande cha jiwe jeupe kwa ukucha wa kidole gumba, unga ukabaki kwenye ukucha. Jiwe la Kisii lina talki, madini laini kuliko yote, namba 1 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini. Ndiyo maana huchongwa kwa panga na kisu, na ndiyo maana miguu myembamba kama njiti ya kiberiti huvunjika hata kabla ya kupigwa msasa. Akashauri tumkalishe.

"Gandele hakai, anko. Akikaa, tumbo linapasuka."

Fundi hakucheka wala hakunigeukia mimi. Alimuuliza binti yangu, "Jioni huwa anasimama wapi?"

"Kwenye maji."

"Basi tumwachie maji."

Akachora mstari magotini. Chini ya mstari huo jiwe lote limebaki zima, limechongwa mawimbi madogo, na miguu inaonekana kama imezama ndani yake. Sijaona mtu mzima akimsikiliza mtoto namna hiyo.

Nililipa shilingi 2,500, nusu kwa M-Pesa siku ileile, tukangoja siku tisa. Kazi ya msasa na maji ilifanywa na akina mama pale nje, na mikono yao imefanya makubwa: shingo ni laini kama ganda lenyewe, na mshipa wa waridi uliokuwa ndani ya jiwe unashuka kutoka sikioni hadi kifuani. Hatukutaka rangi. Usikubali kupakwa rangi kama jiwe lako lina mshipa.

Ninampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwenye ufungaji. Sanamu ilitumwa ikiwa imefungwa gazeti moja tu ndani ya katoni kubwa, na ncha ya mkia ikafika imemeguka, kipande kama punje ya hindi. Binti yangu alilia. Nilimpigia fundi, akaomba msamaha bila kuzungushana, kesho yake akatuma unga wa jiwe lilelile kwenye karatasi. Nilibandika kwa gundi, nikanyunyizia unga ule, nikasugua kwa msasa uliolowa. Ukipitisha kidole bado unausikia mstari.

Mwisho wa mwezi tunarudi na ukurasa wa mtoto wa Gandele. Safari hii nitabeba leso mbili na kumpakata mwenyewe hadi Kisumu.