Ramani kwanza, kifaa baadaye: uzoefu wangu wa GPS kwenye vijia vya Pugu na Kisarawe

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli ya milimani karibu kila Jumamosi, nikitoka Tabata kabla jua halijachomoza na kupita Gongo la Mboto hadi kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ambako naiacha lami na kuingia vijiani. Katika muda huo nimetafuta njia kwa simu yenye programu mbalimbali, kwa kompyuta ndogo ya baiskeli inayofungwa kwenye usukani, na kwa kifaa cha mkononi aina ya Garmin eTrex 32x, ambacho ndicho ninachokitumia hadi leo. Wenzangu wanaoanza huniuliza wanunue kifaa gani. Mimi huwauliza kwanza watakuwa wakitazama ramani gani, kwa sababu makosa yangu mawili makubwa yalitokana na kulipuuza jambo hilo.

Kosa la kwanza nililifanya katika mwaka wa kwanza. Nilikuwa na programu ya simu ambayo sitaitaja jina, nzuri sana mjini, ambayo huvuta ramani yake kutoka kwenye intaneti kadiri unavyosonga. Niliwasha bando, nikaona vijia vyote vimejichora vizuri pale Pugu, nikaondoka bila wasiwasi. Nilipoteremka kwenye bonde mtandao ulikatika, na baada ya dakika chache skrini ikabaki na nukta ya bluu juu ya uwanja wa kijivu usio na mstari hata mmoja. Nukta ile ilikuwa sahihi, kwa maana simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila kuhitaji mnara wala bando, lakini nukta isiyo na ramani haimwambii mtu pa kwenda. Nilizunguka hadi saa kumi na moja jioni, chaji ikiwa imeshuka hadi asilimia tisa, ndipo nilipokutana na mama mmoja aliyejitwika kuni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama na baiskeli yangu, akasema, "Mwanangu, hiyo njia inarudi kule kule ulikotoka. Fuata hii yenye mchanga, utasikia magari ya Kisarawe." Nilifuata mchanga, na baada ya robo saa nikayasikia magari.

Tangu siku hiyo siingii msituni bila ramani iliyopakuliwa yote na kukaa ndani ya kifaa. Kwenye simu natumia Organic Maps, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao, na OsmAnd, ambayo ina mipangilio mingi zaidi na inamfaa mtu mwenye subira ya kuijifunza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba programu hizi mbili, pamoja na Komoot inayopendwa na waendesha baiskeli wengi wa Ulaya, zote huchota data yake kutoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka programu moja hadi nyingine akitumaini kupata kijia ambacho hakimo kwenye ile ya kwanza, mara nyingi anabadilisha rangi na maandishi tu, huku ramani iliyo chini ikiwa ni ile ile. Kama kijia hakijachorwa na mtu, hakitaonekana katika programu yoyote kati ya hizi.

Hapa Dar es Salaam jambo hili lina sura yake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa kata mbalimbali kuchora mitaa, mitaro na nyumba, hasa katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Matokeo yake ni kwamba vichochoro vya Tandale na Manzese vimechorwa kwa undani ambao miji mingi ingeutamani, lakini ukivuka kwenda vilima vya Kisarawe mistari inapungua. Sababu mojawapo ni miti yenyewe. Mchoraji anayetazama picha za setilaiti haoni kijia kilichofunikwa na majani, hivyo kijia cha msituni huingia kwenye ramani pale tu mtu anapokipita akiwa na kifaa kinachorekodi. Vilevile vipo vijia vilivyochorwa ambavyo zamani vilikuwa vya wachoma mkaa na leo vimemezwa na vichaka. Na mstari kuwepo kwenye ramani haumaanishi kwamba unaruhusiwa kupita. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mwendesha baiskeli anapaswa kuingia kwa utaratibu, kwa kupitia getini.

Programu ya Trailforks inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa imetengenezwa mahususi kwa baiskeli za milimani na huonyesha ugumu wa kila kijia pamoja na taarifa za waliopita karibuni. Utajiri wake, hata hivyo, hutegemea waendeshaji wa eneo husika, na ndiyo sababu umaarufu wake ni mkubwa zaidi kule Kanada na Marekani, ambako vijia vya baiskeli hujengwa kwa makusudi na kupewa majina. Kwetu vijia ni vya watu waendao shambani na kisimani. Strava, programu ya kurekodi mazoezi, naiwasha kwa ajili ya kumbukumbu za mwendo tu.

Kosa la pili lilitokana na kompyuta ya baiskeli. Nilikuwa nimeazimwa kifaa kizuri, chepesi, chenye kioo cha kugusa, nikapakia faili la njia nililotumiwa na rafiki aliyewahi kuzunguka upande wa Minaki. Sikujua wakati huo kwamba faili la GPX, yaani faili la njia kama lile, laweza kubeba vitu viwili tofauti. Laweza kubeba nyayo, yaani maelfu ya nukta zilizorekodiwa hatua kwa hatua, ambazo kifaa huzichora kama zilivyo. Au laweza kubeba vituo vichache tu, halafu kifaa chenyewe kikaamua namna ya kuviunganisha kwa kufuata barabara kinazozijua. Faili la rafiki yangu lilikuwa la aina ya pili, na kifaa kilikuwa kimeachiwa ruhusa ya kupanga njia upya kila ninapokengeuka. Kila nilipoingia kijiani kilidhani nimepotea, kikapiga mlio na kunirudisha kwenye lami. Mvua ya vuli ilipoanza kunyesha, matone yaliyotua kwenye kioo yakawa yanafungua kurasa ambazo sikuziomba, na vidole vyangu vyenye jasho havikusikika. Siku ile nilimaliza safari yote barabarani, katikati ya malori.

Ushauri wangu kwa yeyote mwenye kifaa cha aina yoyote ni kwamba kabla ya kuingia msituni aombe faili la nyayo, azime upangaji upya wa njia, na azime pia ule mpangilio unaoinatisha alama yako kwenye barabara iliyo karibu. Mpangilio huo una maana kwa dereva wa gari, ambaye kwa vyovyote yuko barabarani. Kwa mtu aliye kijiani, mita 30 kutoka barabara ya vumbi, unamwonyesha mahali asipokuwepo.

Baada ya hayo nilinunua eTrex 32x iliyotumika, kwa shilingi laki tatu na nusu, kutoka kwa jamaa aliyerejea kutoka Ulaya. Si kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya baiskeli, na kioo chake ni kidogo, cha inchi 2.2, lakini sababu za kukipenda nimezipata huku huku kwetu. Hakina kioo cha kugusa. Kinaendeshwa kwa vitufe na kijiti kidogo cha kusukumwa kwa kidole gumba, kwa hiyo jasho, mvua na glavu havikisumbui. Kioo chake hutumia mwanga wa jua lenyewe, hivyo saa sita mchana, wakati simu imepandisha mwanga wake wote na bado haisomeki, hiki ndipo kinapoonekana vizuri zaidi. Zaidi ya yote, kinatumia betri mbili za ukubwa wa AA, zile za saa za ukutani, ambazo zinapatikana kwa Mangi (muuza duka) yeyote kuanzia Buguruni hadi Kisarawe. Mtengenezaji anataja saa 25 kwa betri nzuri. Mimi hutumia betri za kuchaji, na nimejifunza kuingia kwenye mipangilio na kukiambia kifaa ni aina gani ya betri nimeweka, kwa sababu usipofanya hivyo alama ya chaji hudanganya. Betri za bei ya chini kabisa huisha haraka, lakini zinatosha kukufikisha nyumbani.

Kifaa changu kilikuja na ramani za Ulaya, na upande wa Tanzania ulikuwa karibu mtupu. Nilipakua faili la ramani ya OpenStreetMap lililotayarishwa kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo, nikaliweka kwenye kadi ya kumbukumbu, na vijia vyote nilivyokuwa nikiviona kwenye simu vikatokea pale. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza dukani: muulize muuzaji kama kifaa kinakubali kuongezewa ramani huria. Kama hakikubali, au kama kinaonyesha mstari wa njia tu bila ramani nyuma yake, kitakufaa kwa kupima mwendo na kilomita, lakini siku utakapotoka nje ya mstari hakitakusaidia.

Kuhusu usahihi, wauzaji husifia mno idadi ya setilaiti. Ni kweli kwamba kifaa kinachosikiliza mfumo wa Marekani, yaani GPS yenyewe, pamoja na GLONASS ya Urusi, na vile vipya zaidi vinavyosikiliza pia Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, huwa na nafasi kubwa ya kupata setilaiti nne zinazohitajika pale anga linapozibwa na miti na kuta za bonde. Lakini hata mahali palipo wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5, na chini ya majani yaliyolowa masika kosa huongezeka. Sasa fikiria njia panda ambapo vijia viwili vinaachana polepole, kama vidole viwili vya mkono mmoja. Ukiwa umesonga mita 15, vijia hivyo vimetengana kwa mita tatu au nne tu, na hakuna kifaa kati ya nilivyovishika kinachoweza kukuambia uko kwenye kipi. Mimi huchagua kwa macho, nikaendesha kama mita 60, kisha nikatazama kama alama yangu inaachana na mstari. Niligundua pia kwamba nikiikuza ramani kupita kiasi nahangaika bure, kwa sababu alama inaonekana ikirukaruka nje ya njia hata nikiwa ndani yake.

Kuna jambo moja la kipimo cha mwinuko ambalo sijaona muuzaji akilieleza. eTrex 32x, kama zilivyo kompyuta nyingi za baiskeli, hupima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa. Katika nchi za tropiki mgandamizo huo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata hali ya hewa ikiwa tulivu. Huwa juu karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi jioni, kwa tofauti ya milibari kadhaa, na kila milibari moja ni sawa na zaidi ya mita 8 za mwinuko. Nilipoliweka baiskeli langu barazani Jumapili nzima bila kulisogeza, kifaa kilionyesha kuwa limepanda zaidi ya mita 20 kufikia jioni. Kwa vilima vyetu vya Pugu, ambavyo si virefu, hiyo si tofauti ndogo. Anayejali mita alizopanda akipime upya kifaa chake mahali anapoujua mwinuko, au aache kijirekebishe chenyewe kwa setilaiti.

Je, kila mtu anunue kifaa cha mkononi? Hapana. Anayezunguka saa mbili karibu na barabara atatosheka na simu yenye Organic Maps, iliyowekwa mfukoni na kutolewa kwenye njia panda tu. Mimi nilipoiacha kwenye usukani ikiwa imewashwa, ilishuka kutoka asilimia 100 hadi 38 kwa saa tatu, tena ikapata joto kiasi cha kujipunguzia mwanga. Lakini kwa safari ya siku nzima, au ukipanda Uluguru kutoka Morogoro kuelekea Morning Side, au ukienda Lushoto ambako mabonde ni marefu na mtandao wa simu hukatika, ningependa simu ibaki ndani ya begi ikiwa imezimwa na imejaa chaji. Kazi yake siku hiyo ni kumpigia mtu simu nikianguka.

Kila ninaporudi, huhamisha nyayo zangu kwenye kompyuta na kuzilinganisha na ramani, na pale ninapoona kijia cha umma ambacho hakijachorwa, kilicho nje ya maeneo yenye katazo, nakichora kwenye OpenStreetMap. Ile njia ya mchanga aliyonionyesha yule mama sasa imo. Jumamosi iliyopita niliifuata tena kutoka upande wa bondeni, nikiwa na ramani mpya kwenye kifaa, na mstari ulikuwa chini ya magurudumu yangu mwanzo hadi mwisho.