LaTeX kwa mitihani ya hesabu, uzoefu wangu kutoka Wete

Mie nasomesha hesabu skuli ya sekondari huku Wete, Pemba, na miaka yote mitihani nkiandika kwa programu ya kawaida tu, sehemu na vipeuo vinakaa ovyo, ukichomeka swali jipya juu basi namba zote za chini ushike moja moja. Mwaka jana mwenzangu wa Unguja, alieandika tasnifu yake kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi na hesabu kwa kuziandikia amri, akanambia hebu ijaribu.

Kuipata tu kazi. Ni bure, lakini TeX Live, yaani mkusanyiko wake wa programu na mafaili yote, nzima inapita GB 4, kwa bando langu siiwezi, akaniwekea kwenye flashi akampa mtu wa boti nkaenda kuipokea Mkoani.

Wiki ya mwanzo nlikaribia kuiacha. Mtihani wa ukurasa mmoja, nkabonyeza iutengeneze, ikaja "Missing $ inserted", yaani kuna alama ya $ imekosekana. Nkamtumia picha ya skrini, jibu hakunipa, akanambia futa nusu ya faili uone kama kosa bado lipo, halafu nusu ya iliobaki, mpaka ubakiwe na mistari mitano. Nkafuta nkafuta ikabaki sentensi moja, nimeandika x_1 katikati ya maneno bila ya kuitilia alama ya dola ($) huku na huku, na alama ile ya chini (_) inakubalika ndani ya hesabu tu. Wallahi njia hii ya kukata nusu nusu imenisomesha kuliko maelezo yoyote nliyosoma.

Tena ikaja kila nnapolitaja swali jengine, badala ya namba yake natolewa alama mbili za kuuliza, ??, usiku mzima natafuta kosa na kosa hamna. Kijana mmoja anaesoma chuo akanambia mwalimu iendeshe mara mbili, ya kwanza inaziandika namba kwenye faili lake la pembeni, ya pili ndo inazisoma. Basi!

Kitu cha kuangalia sana sisi tunaoandika Kiswahili: usipoiambia kitu inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Kwangu pembetatu ilikatwa "pem" juu "betatu" chini, na mtoto anaesoma swali anababaika. Nkaoneshwa amri ya \hyphenation, unaandika pe-mbe-ta-tu mara moja pale mwanzo wa faili na neno hilo halikatwi vibaya tena, sasa nnayo orodha yangu ya maneno ya hesabu na nampa kila anaeniomba.

Na hesabu zinavotoka jamani! Kipeuo kinaifunika sehemu yote, mstari wa sehemu umenyooka, namba zinajipanga wenyewe. TeX yenyewe kaianza Donald Knuth wa Stanford, Marekani, kwenye 1977, hakuridhika na kurasa za kitabu chake zilivyopangwa, na Leslie Lamport akaijengea LaTeX juu yake miaka ya 1980. Namba ya toleo la TeX inaisogelea pai, sasa ni 3.141592653, nliwaambia wanafunzi wangu wakaanza kuisoma kwa sauti darasani.

Mtihani wa nusu muhula umetoka kurasa nne, mwenye stesheneri kaniuliza nimeuchapishia wapi. Sasa nataka kuandika na Kiarabu kwa ajili ya madrasa yetu, mwenzangu kasema nitumie XeLaTeX, aina ya LaTeX inayokubali herufi za Kiarabu, na fonti ya Kiarabu iitwayo Amiri, flashi ishatoka kwake, boti ya Alkhamis naifata Mkoani.