Kusoma tena orodha ya maneno, au kuifunika na kujiuliza?
Ukisoma orodha ya maneno mapya tena na tena, kila neno huanza kuonekana la kawaida, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kulitambua neno lililo mbele ya macho ni kazi nyepesi. Kulitoa kichwani unapolihitaji ni kazi nyingine kabisa. Kufunika maana na kujiuliza kunachosha, unakwama, unakosea, lakini ubongo hulazimika kulitafuta neno, na kila ukilipata, kulikumbuka tena huwa rahisi zaidi.

Mwaka 2008 wanasaikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo nchini Marekani waliojifunza maneno 40 ya Kiswahili (naam, Kiswahili chetu!). Baada ya wiki moja, walioendelea kupimwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kupimwa neno baada ya kulipatia mara moja, hata kama waliendelea kulisoma, walibaki kwenye thuluthi hivi.

Kusoma nakuachia siku ya kwanza. Baada ya hapo funika daftari, ujiulize kesho, kisha baada ya siku kadhaa, na ulale vya kutosha, kwani usingizini ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana.