Masomo ya kantri kwa ukulele: uzi wa nne umenitoa jasho

Niliapa nisiandike chochote, maana nikiandika na hasira huwa najuta kesho yake. Lakini jibu nililopewa na wenye masomo haya limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, acha nilitoe.

Ni masomo ya video ya kulipia, ya kupiga nyimbo za zamani za kantri na za kiasili za Marekani kwa ukulele. Jina siwataji. Niliyaanza miezi kadhaa iliyopita, na kwa wiki za mwanzo nilikuwa nayasifia kwa kila anayenisikiliza na asiyenisikiliza.

Masomo sita ya kwanza sina neno. Unapewa kodi tatu (za muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si zile za kulipa), C, F na G7, na unashangaa ni nyimbo ngapi za mwimbaji wa kantri Hank Williams na wenzake zinaingia humo humo bila kusukumwa. Mwalimu anajua kazi yake. Somo la waltz, ule mdundo wa moja-mbili-tatu, nimelirudia mara sijui ngapi kwa raha tu: pigo moja la gumba, unacharaza mara mbili, pigo moja la gumba, unacharaza mara mbili. Anakuzuia usikimbie. Hilo nampa, na hata leo silirudishi.

Halafu likaja somo la saba.

Somo la saba ni la besi, zile sauti nzito za chini. Gumba linapiga noti nzito, unacharaza, gumba linashukia noti nyingine nzito zaidi, unacharaza tena. Ukishazoea unasogea kwenye mtindo wa Maybelle Carter, yule wa kundi la kantri la Carter Family waliorekodi kwa mara ya kwanza huko Bristol, Tennessee, mwaka 1927: gumba ndilo linaimba wimbo kwenye nyuzi za besi, kodi zinacharazwa kwenye nyuzi nyembamba. Ukimsikia mwalimu akipiga, unatamani kulia. Chini kunanguruma, juu kunameta.

Kwangu kulikuwa kunalia ting.

Nashika C. Gumba kwenye uzi wa tatu, sawa. Nacharaza, sawa. Gumba kwenye uzi wa nne, pale mwalimu anaposhuka mpaka kwenye noti ya tumboni, mimi napanda. Ting! Nikabadilisha mkao. Nikakata kucha. Nikapiga polepole, nikapiga kwa upole, nikapiga kwa hasira. Mke wangu akachungulia mlangoni: "Baba watoto, hiyo ndiyo besi au ni kengele ya baiskeli?" Wiki tatu hivi, labda zaidi, nikiamini mikono yangu ndiyo mibovu.

Siku moja nikasimamisha video na kuivuta picha mpaka vidole vya mwalimu vikajaa skrini. Nyuzi tatu nyeupe kama zangu. Wa nne unang'aa kama waya, mnene, umezungushiwa chuma. Nikatazama ya kwangu: nailoni tupu, nyuzi zote nne.

Kumbe bwana huyu amefunga G ya chini, yaani uzi wa nne wenye sauti nzito! Ukulele ya kawaida hutyuniwa G, C, E, A, lakini ile G ya uzi wa nne, ulio karibu na gumba, ni nyembamba, iko toni moja tu chini ya A. Uzi wenye sauti nzito kuliko yote ni wa tatu. Kwa hiyo ile noti ya kushukia niliyokuwa naitafuta wiki tatu haikuwemo kwenye chombo changu. Na katika masomo sita yote, na dakika zote za la saba, hakuna mahali anaposema "jamani, mimi nimebadilisha uzi". Sentensi moja tu, hawakuona umuhimu wake!

Nikawaandikia, kwa adabu zote. Wakajibu kwa mstari mmoja: ukulele si gitaa, ukitaka besi tafuta gitaa.

Nani sasa anauza somo la besi kwenye ukulele, mimi au wao?

Nikatafuta uzi mnene mwenyewe. Haukuingia. Vile vijifereji vya kule juu shingoni, nyuzi zinapopita kwenda kwenye vifungio, vimechongwa kwa uzi mwembamba; huu mnene ulikaa juu juu, ukilia kama nyuki aliyenaswa kwenye kopo. Kupiga tupa siwezi, nitaharibu. Uzi uko kwenye bahasha mpaka leo.

Sasa hapa ndipo ninapojikanganya. Nikiwa na hasira hizo hizo nikakumbuka kwamba banjo ya nyuzi tano nayo ina uzi mfupi wa sauti ya juu pale pale kwa gumba, na hakuna anayeulalamikia. Nikajaribu: kucha ya kidole cha shahada inashuka kwenye noti ya wimbo, inashuka tena kwenye nyuzi zote, kisha gumba linadonoa ule uzi wa nne. Ile ting iliyonitesa ikaangukia mahali pake kama iliumbwa kwa ajili hiyo. Nyimbo za kiasili zimefunguka kabisa. Mke wangu safari hii alikaa.

Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia nyota moja, nikapandisha tatu, kwa sababu bila somo la saba nisingefika huku. Kisha nikafungua simu ninakili jibu lao neno kwa neno, nikalisoma tena. Mbili. Na hizo mbili ni za somo la waltz. Kama uzi wako wa nne ni mwembamba, piga masomo sita ya mwanzo, la saba liruke, wala usiwaandikie.