Ampu ya besi ya kupigia shoo: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Dukani kila besi inalia vizuri. Chumba ni kidogo, umeme umetulia, hakuna dramu wala kinanda kinachogombania sauti za chini, na muuzaji ameshafungua kitufe cha besi mpaka mwisho kabla hujachomeka jeki. Shida inaanza Jumamosi, kwenye ukumbi wa mabati uliojaa watu, jenereta likinguruma nyuma ya jiko na MC akitaka bendi ianze sasa hivi. Shughuli ikiisha saa nane usiku, daladala hakuna.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye boksi la bidhaa: kifaa kinafikaje ukumbini na kurudi nyumbani, na kinakuwaje umeme ukiyumba. Utamu wa sauti nimeuweka nafasi ya tatu, kwa sababu ampu nyingi za bei ya kati siku hizi zinatoa sauti inayotosha. Ninayemlenga ni mpiga besi wa bendi ya harusi, ya kanisa au ya dansi anayebeba vyombo vyake mwenyewe. Wenye lori na vijana wa kushusha mitambo wana mambo mengine ya kuwaza.

Kabla ya orodha, neno kuhusu wati. Besi haishindani na gitaa la solo, inashindana na dramu. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ukiachwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na kusukuma hewa taratibu hivyo kunakula nguvu nyingi. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo katikati ya wimbo huenda mtu asiitambue. Ili sikio liseme sauti imezidi mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi. Kukaa dukani unabishana kati ya wati 100 na 150 ni kupoteza mchana. Arobaini ni za chumbani, mia moja ni za kanisa dogo, na palipo na dramu halisi anzia mia tatu.

1. Kombo ya spika mbili za inchi 10, wati 500

Hii ndiyo ningemwambia mdogo wangu anunue. Mifano inayojulikana ni Fender Rumble 500 na Ampeg RB-210. Rumble 500 ina kilo 16 na ushee, mtu mmoja anaibeba kwa mkono mmoja huku besi ikiwa mgongoni, na kwenye bajaji inakaa miguuni bila kulipia nauli ya mtu wa pili. Ndani kuna ampu na spika, unachomeka waya wa umeme na jeki basi. Ukifika umechelewa, jambo ambalo kwenye harusi zetu halina ajabu, huo ndio wepesi unaoutaka.

Kuna kitu wauzaji hawakielezi. Spika za ndani za Rumble 500 ni omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme; ukishuka, ampu inatoa nguvu zaidi), na hapo ampu inatoa wati 350 tu. Hizo 500 zinapatikana ukiongeza boksi jingine la omu 8 pembeni, maana omu 8 mbili zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4. Usijione umeibiwa. Wati 350 kwenye spika mbili za kumi zinatosha kukufanya ujisikie jukwaani, na ya ukumbini ni kazi ya mitambo mikubwa. Nyuma kuna tundu la XLR la kupeleka sauti kwenye mixa, nalo ndilo jambo la kwanza la kukagua kwenye kombo yoyote. Bila tundu hilo fundi mitambo atakuwekea maikrofoni mbele ya spika, na sauti utakayoipata huko nje itakuwa ya ngumi ukutani.

Udhaifu wake ni kwamba ampu ikifa, chombo kizima kimelala.

2. Hedi ndogo na boksi moja la inchi 12

Hedi ni ampu isiyo na spika ndani, na hedi za daraja D, aina ndogo na nyepesi, zimebadilisha maisha ya wapiga besi. Wati 500 zinatoka kwenye kitu chenye kilo chache kinachoingia mfuko wa pembeni wa begi la besi; TC Electronic BQ500 ni mfano wa bei nafuu. Unaongeza boksi la 1x12 la omu 8, na ukipata kazi kubwa unaazima la pili. Ukumbi wenye spika zake unakwenda na hedi tu, tena kwa bodaboda.

Kwa nini basi si ya kwanza? Gharama ya vitu viwili mara nyingi inaipita kombo. Pia kuna ule waya wa katikati, kati ya hedi na spika, unaopotea kila mahali. Watu wanakimbilia kuweka waya wa gitaa badala yake, kwa kuwa jeki zinafanana. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani na haukutengenezwa kubeba nguvu ya ampu. Unapata moto, na siku nyingine unaondoka na hedi yenyewe. Nunua waya wa spika wa kwako, ikiwezekana wenye vichwa vya spikoni vinavyojifunga, uuandike jina.

Angalia pia omu. Hedi nyingi za aina hii mwisho wake ni omu 4. Maboksi mawili ya omu 4 yakiunganishwa yanashuka hadi 2, na hapo hedi inajizima kujilinda au inaungua. Ukinunua boksi la kwanza, lichague la omu 8, hata kama la omu 4 ni rahisi zaidi, la sivyo umejifungia mlango wa kuongeza.

Halafu kuna suala la fundi. Ampu za zamani zenye transfoma kubwa, fundi mzuri wa Kariakoo, Dar, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anazifungua na kuzirudisha kazini. Hedi ya daraja D ina vipande vidogo kama punje za mtama vilivyogandishwa kwenye bodi, na mara nyingi jibu utakalopewa ni kubadilisha bodi nzima, ambayo haipo. Ndiyo sababu suala la umeme, nitakalolifikia, si la hiari kwa mwenye hedi hizi.

3. Spika ya mitambo yenye ampu yake ndani

Wapiga besi wa mitandaoni wanaicheka. Mimi naiweka ya tatu bila aibu. Spika moja ya inchi 12 au 15 inayojiendesha yenyewe, pamoja na kiboksi cha besi kama Behringer BDI21 mbele yake, ni ampu ya besi inayojilipa. Siku usiyo na shoo unaikodisha kwa kikao cha ukoo, sendofu au mkutano wa mtaa. Siku umeishiwa, inapata mnunuzi haraka kuliko ampu ya besi, ambayo mteja wake ni mpiga besi mwenzako asiye na hela.

Kiboksi cha mbele ni lazima, kwa sababu spika hizi zinatoa kila kitu kama kilivyo, pamoja na mikwaruzo ya vidole. Punguza sauti za juu. Na usiamini namba kubwa zilizobandikwa usoni: "PMPO 2000" si nguvu ya kazi. Tafuta wati za RMS, yaani za kazi ya kudumu, nyuma ya spika. Kama hazikuandikwa, endelea na safari.

4. Kiboksi cha DI peke yake

Kwenye kanisa lenye mitambo mizuri na monita miguuni, yaani spika ya kujisikilizia, huna haja ya ampu kabisa. Kiboksi cha DI kinageuza sauti ya besi iweze kusafiri mbali kwenye waya wa maikrofoni bila kuchafuka. Behringer DI100 inatumia betri ya volti 9 au umeme unaotoka kwenye mixa, na ina kiswichi cha kukata ethi, ambacho kitakuokoa siku ile mngurumo wa umeme unapoanza katikati ya sala na wazee wote wanakuangalia wewe.

Ningeweza kukiweka nafasi ya kwanza kwa kulinganisha bei na faida. Kilichokishusha ni monita. Ukumbi usio na monita, utapiga bila kujisikia, na mpiga besi asiyejisikia anapiga kwa nguvu mno na kukimbia mbele ya dramu. Lakini hata aliyenunua kombo ya kwanza kwenye orodha hii awe nacho begini.

5. Kombo ya wati 100

Fender Rumble 100, Ampeg RB-112 na wenzake: spika moja ya inchi 12, kilo kumi kwa Rumble. Safi kwa mazoezi, kwaya ndogo, na hoteli ambako bendi inapiga watu wakila. Kwenye dramu ya mtu mwenye mkono mzito itakwama. Chini ya hapo, Rumble 40 bado ina tundu la XLR, lakini Rumble 25 haina, kwa hiyo hiyo ya mwisho ni ya kujifunzia nyumbani tu.

6. Boksi la spika nane

Ampeg walitoa SVT mwaka 1969, wati 300 za taa za vioo (valvu za kukuza sauti) na boksi la spika nane za inchi 10, na hadi leo ndiyo picha ya ampu ya besi kichwani mwa watu. Boksi pekee linapita kilo 60. Ukilikuta ukumbini, lipige ufurahi. Kulinunua ni kununua pia gari, ngazi pana, na urafiki wa kudumu na watu wawili wenye migongo imara.

Besi yenyewe

Hapa sina maneno mengi, maana besi ya bei ya kati iliyorekebishwa vizuri inafanya kazi zote. Yamaha TRBX174, Squier Affinity ya aina ya Precision au Jazz, Ibanez GSR200: chagua ambayo shingo yake inakaa mkononi mwako. Precision ni ya mwaka 1951, Jazz ya 1960, na bado ndizo mama wa karibu zote zinazouzwa leo. Yamaha hiyo ina pikapu mbili, moja ya aina ya Precision na moja ya aina ya Jazz, kwa hiyo ningeanza nayo. Isiyo na betri naipenda zaidi kwa kazi za huku. Yenye betri, ukizoea kuiacha na jeki usiku kucha, betri inaisha mapema.

Nyuzi nne au tano? Kama unapiga rumba na dansi, nne. Sikiliza Tom Malanga wa Les Wanyika: uzuri wa besi ile uko kwenye nafasi anazoziacha, uzi wa tano usingemwongezea kitu. Kanisani hali ni nyingine. Kinanda kikihamia E-flati au D, noti ya chini kabisa haipo kwenye nyuzi nne, inabidi urukie juu na wimbo unapoteza sakafu. Uzi wa B unakufikisha huko. Ila unatikisika mara 31 kwa sekunde, na spika moja ndogo haiwezi kuutoa vizuri. Anayenunua nyuzi tano na kombo ya wati 40 amenunua uzi asioweza kuusikia.

Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar na Unguja, chumvi na unyevu vinakula nyuzi na skrubu. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Umeme

Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Kifaa kilichotumwa na ndugu wa Marekani kinaweza kuwa cha volti 120 pekee. Soma kibandiko cha nyuma: "100–240V" ni salama, "120V" maana yake transfoma la kushusha au majuto. Jenereta likiwashwa, subiri litulie kabla ya kuwasha ampu, na uizime kabla halijazimwa. Ile friji gadi ya jikoni inafanya kazi nzuri hapa: umeme ukipanda au kushuka mno inakata, na ukirudi inachelewesha kidogo kabla ya kuuachia. Hakikisha tu inabeba wati za ampu yako. Kwa mwenye hedi ya daraja D, inunue siku ileile.

Ukinunua iliyotumika

Kwenye besi, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati. Pawe na upenyo mdogo tu. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Omba muuzaji azungushe chuma cha ndani ya shingo mbele yako. Kikigoma au kikizunguka bila kushika, weka besi chini. Piga kila freti ya kila uzi, taratibu, hata kama anakuharakisha. Jina la Fender kichwani peke yake halithibitishi kitu, bandia ni nyingi. Angalia namba ya kiwandani na useremala wa pale shingo inapoungana na mwili.

Kwenye ampu, iache ikiwaka huku mnaongea bei. Kasoro nyingi hazionekani mpaka kifaa kipate joto. Kisha piga uzi wa E kwa sauti kubwa, uushike mrefu, na uweke kiganja karibu na spika: ikikwaruza au ikitetemeka kama karatasi, koni imechoka na bei inashuka. Zungusha vitufe vyote, tikisa jeki kwenye kila tundu, jaribu XLR kwenye mixa yoyote iliyo karibu. Na uondoke na risiti yenye namba ya kifaa, maana ampu zinazoibwa kwenye kumbi huishia kwenye maduka hayohayo.