Relei ya feni ya rejeta: dayodi au rezista?
Relei ni swichi ya kuwasha feni inayoendeshwa na koili; koili hiyo ikikatiwa umeme hurusha volti za ghafla, zinazoweza kupita 200 na kuua kompyuta ya gari. Dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) kati ya pini 85 na 86, ambazo ni za koili, huzibana hadi karibu volti 1. Kasoro yake ni kwamba koili huachia polepole, pointi (viunganishi vya ndani vya relei) hufunguka taratibu, na feni inayovuta ampea 20 huzichoma kwa cheche. Ukiifunga kinyume, ni shoti.

Rezista (kizuia umeme) ya omu 680 mahali hapo hapo huacha volti zipande zaidi, ila relei huachia upesi, na unaweza kuifunga upande wowote.

Kwa feni nachagua rezista. Dayodi nene naiweka kwenye mota yenyewe, mstari uliochorwa juu yake ukielekea chanya. Huko ndiko inakopunguza cheche za pointi.