Siki au kipimo cha HPV katika kuchunguza mlango wa kizazi

Katika vituo vingi vya afya nchini Tanzania na Kenya, mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki iliyozimuliwa, kisha hutazama iwapo patatokea mabaka meupe, dalili ya seli zinazoweza kugeuka saratani. Jibu hupatikana papo hapo, na mara nyingi tiba huweza kutolewa siku hiyohiyo, jambo kubwa kwa mama aliyetoka mbali. Hata hivyo, jibu hilo hutegemea jicho la mtazamaji, na baada ya kukoma hedhi njia hii haifai sana.

Kipimo cha HPV hutafuta kirusi chenyewe kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa faragha. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Ningekichagua hiki, mradi majibu yasikawie maabara.